Wanakula Nini Huko Chini

Mama anamenya vitunguu jikoni kwetu Samail.
Hajageuka. Anauliza kama anayeulizia wageni:
"Hao wadudu wako wa kisimani, wanakula nini?"

Mikono yangu bado inateleza.
Maji ya kule bondeni ni makali kama magadi,
yanalamba ngozi ya vidole taratibu, bila hasira,
hata simu yangu leo haikitambui kidole gumba.
Yanapotokea mwangani hutanda utando mweupe,
maziwa yaliyosahauliwa mekoni;
ukiugusa, unavunjika kama ganda la yai.

Lakini wao hawapo hapo, mama.
Wako mita mia tatu chini.
Tulishusha bomba tangu alfajiri, mimi na Biju na Muhanna,
na saa mbili jua lilishatukalia mabegani.
Jabali lile lilikuwa sakafu ya bahari.
Usinitazame hivyo.
Lilisukumwa, likapanda juu ya nchi kavu,
jeusi, zito, na kiu yake haijaisha.
Mvua ya zamani sana ikipenya ufa
jiwe linakunywa, linavimba, linapasuka,
linageuka rangi ya ngozi ya nyoka,
na katika kunywa kwake linacheua
hewa nyepesi kuliko zote, hidrojeni.
Hicho ndicho chakula chao.
Wanakula cheuo la jiwe.

Mama anacheka mpaka kisu kinasimama.
"Basi nyumba hiyo haina jirani wa kuombwa chumvi."

Anajua anachosema. Kiswahili chake cha Wete
kimekaa jikoni humu miaka hamsini,
na tangu shangazi Thuwaiba afariki
mtaa mzima hakuna wa kukijibu ila mimi,
nami najibu nusu nusu, nikitazama saa.

Haina jirani. Haina jua, haina upepo, haina Ijumaa.
Kijidudu kimoja kugawanyika kuwa viwili,
Muhanna anakisia, huenda ni umri wa mtu.
Kinachoanza leo, ndugu yake atakuja
sisi sote tumeshafukiwa na kusahaulika.
Mvumilivu hula mbivu, ulinifundisha.
Hawa wamevumilia kuliko milango ya ngome,
kuliko mfalaji, kuliko jina la mji huu,
na mbivu hawajaiona.
Nguvu chache walizo nazo hawajengei kitu.
Wanatia viraka tu:
hapa uzi wa urithi umekatika, wanaunga,
hapa ukuta unavuja magadi, wanaziba,
halafu wanatulia tena, karibu na kufa, wasife.
Wanashukuru? Sijui.
Darubini haionyeshi shukrani.

Kuna jambo sikumwambia Muhanna.
Juzi kizibo cha chupa ya tisa hakikukaza.
Hewa iliingia kidogo,
kiasi cha pumzi ya mtoto aliyelala.
Kufika maabara, Maskati, hakuna kilichoota.
Walioshinda giza, na njaa, na uzito wa mlima,
waliuawa na hiki tunachovuta mimi na wewe
huku tukizungumza habari za vitunguu.
Nikaandika daftarini: namba tisa, imeharibika.
Kalamu haikutetemeka. Hilo ndilo linaloniudhi.

Mama hasemi kitu.
Anakata ndimu, nusu,
anavuta mkono wangu juu ya sinki
na kunisugua kidole kimoja kimoja,
kama alivyokuwa akiniondoa harufu ya samaki
nilipokuwa na miaka sita.
Ndimu inauma penye nyufa.
Utelezi unaondoka, ngozi inakwaruza tena,
ngozi yangu mwenyewe.

"Kesho," anasema, akirudi kwenye vitunguu,
"kaza kizibo."